Swali la Kumi na Nne

Jumatatu, 17 Oktoba

Inatangazwa kwa wote wanaohusika, na kwa wasiohusika pia, kwamba leo saa tatu asubuhi kiti cha Hermenegildo Palomino, mtunza mafaili na mkalimani wa kliniki ya magonjwa ya akili hapa Huamanga, milimani Peru, kimepata mguu wa nne. Sherehe ilihudhuriwa na mimi, fundi na nyundo. Hotuba hazikutolewa. Kwa miaka miwili nimekalia miguu mitatu na rundo la mafaili ya wagonjwa walioacha kuja. Sasa mafaili yamerudi kabatini, na mimi nimeketi kama askofu.

Habari ndogo kuliko hiyo: wanafunzi wa udaktari wameletwa kwetu hadi Krismasi. Daktari Zegarra amemgawia kila mmoja daftari. "Mgonjwa mtamwandika kwenye faili," akawaambia. "Humu mtajiandika ninyi wenyewe, mlichohisi." Likabaki daftari moja. "Chukua, Herme, nawe una moyo." Sina hakika na hilo la moyo, lakini daftari la bure halikataliwi.

Jumatano, 19 Oktoba

Wanafunzi ni sita, wote wa pwani, wote wanahema kwa sababu ya mwinuko. Wananiita Mzee Herme. Nina miaka hamsini na minne! Nimemlalamikia mke wangu Delfina. Amesema wamenipunguzia.

Ijumaa, 21 Oktoba

Somo la karatasi. Daktari Zegarra ana karatasi yake ya maswali kumi na manne ya kuikagua akili ya mtu. Unaanza na kumtazama: amevaaje, ameketije, anaongea haraka au kwa kuburuta. Kisha usingizi, chakula, huzuni, sauti asizosikia mwingine, leo ni siku gani. La kumi na nne ndilo linalowatoa jasho: je, umewahi kufikiria kujiua?

Binti mmoja, Yadira Loayza, mwembamba, kalamu yake imetafunwa kama muwa, aliuliza, "Daktari, nikimuuliza si nitamtia wazo?"

"Hutamtia kitu ambacho hana. Ukiogopa kuuliza, yeye ataogopa kujibu." Kisha akaongeza, kwa fahari kidogo, "Ila hapa mtaona ajabu. Miaka tisa sasa, hakuna hata mgonjwa mmoja wa Kikechua aliyejibu ndiyo. Wenyeji hawa wana kinga. Nimewahi kuiwasilisha hoja hiyo mkutanoni."

Nilitazama dirisha. Mvua za kwanza zilikuwa zinakusanyika juu ya mlima.

Niandike hapa, maana hakuna asomaye: swali hilo halijapita mdomoni mwangu hata siku moja. Daktari huuliza kwa Kihispania, mimi hugeuka kwa mgonjwa na kusema kwa Kikechua, lugha yetu ya milimani, "Je, umechoka?" Ndivyo tulivyolelewa. Mama alikuwa akisema ukimtaja mbwa, utasikia kucha zake mlangoni. Mtu wa watu hatajiwi kifo chake mbele ya karatasi. Wasomi hawawezi kuyajua haya, basi mimi huwafunika kidogo, kama mtu anavyofunika chungu kisiingie inzi.

Jumatatu, 24 Oktoba

Mgonjwa wa kwanza wa Yadira. Mama Sabina Ccente, wa kijiji cha Ankapata kule juu, mjane tangu Julai. Alikuja na bintiye Nélida, aliyesema mama yake hali, halali, na anakaa akitazama ukuta kana kwamba ukuta unamsimulia kitu.

Mama Sabina aliketi na kofia yake mapajani. Mikono yake haikutulia, ilisokota sufu ambayo haikuwepo. Yadira aliuliza vizuri, pole pole, nami nikatafsiri vizuri, pole pole, hadi kumi na tatu. La kumi na nne sauti ikamkauka. Alilisoma kwenye karatasi bila kuinua macho.

Nikamgeukia Mama Sabina. "Dada, umechoka?"

Akanitazama kwa muda. "Nimechoka, kaka. Nimechoka mpaka ndani ya mifupa. Hata kupumua naona ni kazi ya mtu mwingine niliyeachiwa."

"Hapana," nikamwambia Yadira kwa Kihispania.

"Mzee Herme, ameongea maneno mengi hivyo, wewe umesema moja?"

"Kikechua ni kirefu, binti."

Akacheka, akaandika: hapana. Nikaona mabega yake yanashuka. Sote wawili tulikuwa tumepona. Daktari Zegarra akasaini: sonona kutokana na msiba, vidonge, arudi baada ya wiki mbili.

Alhamisi, 27 Oktoba

Mvua. Paa letu ni la bati, ikinyesha tunaulizana maswali ya siri kwa kupiga kelele. "UNASIKIA SAUTI?" "NASIKIA MVUA, DAKTARI!"

Jumatano, 2 Novemba

Siku ya Marehemu. Delfina alioka mikate yenye umbo la watoto wachanga kwa wasichana, na la farasi kwa wavulana. Tukaenda makaburini na chungu cha mahindi ya kuchemsha, tukamwekea baba, tukamwekea mama, tukamwekea kaka yangu Abilio aliyeteleza bondeni mvua za ujana wetu. Kila mwaka Abilio hupata mkate mkubwa kuliko wote. Delfina hajawahi kuuliza kwa nini.

Nikamkuta Mama Sabina kwenye kaburi la mumewe, Donato. Amechana nywele, amevaa shali safi, ametulia. Alinikaribisha majani ya koka. Tukatafuna. Kisha akatoa kwenye shali pia yake ya kusokotea sufu, mti wake mweusi kwa kushikwa, akaniwekea mkononi.

"Mpelekee mkeo, kaka. Ulinisemesha vizuri siku ile."

Nikajivuna njia nzima. Nyumbani Delfina aliigeuza ile pia mara mbili, asifurahi. "Hii amekuwa nayo tangu usichana. Mwanamke wa mlimani hagawi pia yake, Herme."

"Amenipenda. Mimi ni mtu wa kupendwa."

"Labda hana tena haja ya kusokota," akasema, akaiweka juu ya kabati, mbali na mkono.

Jumatatu, 7 Novemba

Ilikuwa siku ya Mama Sabina kurudi. Hakuja. Mvua imeharibu barabara ya Ankapata, nikamwambia Yadira. Ni kweli imeharibika. Sijui kwa nini nilihisi kama nimedanganya.

Jumatano, 9 Novemba

Huwa nakaa nyuma darasani nikipanga mafaili. Leo Daktari Zegarra alifundisha dalili za mtu aliyekwisha kukata shauri. "Msimtafute anayelia tu. Mtafuteni aliyetulia ghafla baada ya kuteseka. Anayeaga bila kusafiri. Anayegawa vitu vyake, hasa kile anachokipenda."

Faili likanidondoka. Wakageuka wote.

"Vipi, Mzee Herme?" akauliza kijana mmoja. "Kiti kimerudia miguu mitatu?"

Wakacheka. Nikacheka pia. Niliokota karatasi, nikazirudisha kwenye faili lisilo lao.

Alhamisi, 10 Novemba

Mvua.

Ijumaa, 11 Novemba

Mvua. Mto unasikika hadi kliniki. Daktari aliniuliza kama ninaumwa. Tumbo, nikasema.

Jumamosi, 12 Novemba

Delfina ameniambia nimekula viazi viwili tu. "Wewe, aliyekula harusini kwetu hadi mpishi akakuogopa?" Nikamwambia tumbo. Akatazama juu ya kabati, kisha akanitazama mimi.  

Najiambia: alinishukuru tu. Najiambia: wazee hugawa vitu. Najiambia: kama lingekuwepo jambo bintiye angelileta. Kisha najiuliza bintiye angelileta kwa nani. Angelileta kwetu, na mlangoni kwetu nimekaa mimi.

Jumatatu, 14 Novemba

Nimefungua kabati. Nimeyatoa yale mafaili niliyoyakalia miaka miwili, na mengine. Kila faili la mtu wa Kikechua nimefungua ukurasa wa mwisho. Swali la kumi na nne: hapana. Hapana. Hapana. Miandiko ni tofauti, ya madaktari na wanafunzi wa miaka tisa, lakini sauti ni moja, yangu. Mia mbili na kumi na moja. Mtu hawezi kukaa juu ya rundo kama lile asijue alilolikalia, lakini mimi niliweza, na nilikuwa nikilalamika kwamba linaniumiza kiuno.

Yadira aliingia kuchukua mwavuli wake. Akanikuta sakafuni.

"Mzee Herme, umeanguka?"

"Keti, binti."

Nikamwambia. Nilianza na mbwa na kucha na mila zetu, nikajizungusha kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Alinikatiza.

"Mama Sabina. Alijibu nini hasa?"

Nikamwambia neno kwa neno. Halafu nikamwambia habari ya ile pia. Uso wake ukawa mweupe. Sikuwa nimejua kwamba anayeogopa sana huonekana mtoto hivyo.

"Mimi nililisoma nikitazama karatasi," akasema. "Ningemtazama ningejua. Sikutaka kujua." Akainuka. "Twende kwa daktari. Sasa hivi."

"Kesho asubuhi..."

"Wewe unaweza kungoja kesho?"

Tulimkosa. Alikuwa ameitwa Lima kwenye mkutano, simu imezimwa, angerudi kesho mchana. Barabara ya Ankapata imefungwa na matope. Nélida hana simu. Tuliwapigia polisi wa kule juu. Mtu aliyepokea akasema kwani huyo mama amefanya kosa gani.

Jumanne, 15 Novemba

Daktari alishuka kwenye ndege saa nane. Tulimpokea mlangoni mwa kliniki. Alisikiliza akiwa amesimama, begi bado mkononi. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Akasema tu, "Njia itafunguliwa saa ngapi?"

Alfajiri, nikasema.

"Basi alfajiri."

Jumatano, 16 Novemba

Tulikwenda watatu kwenye gari bovu la daktari. Njiani daktari aliuliza tu, "Kulia au kushoto?" Kwenye maporomoko ya pili gari likakataa. Tukapanda kwa miguu, matope hadi magotini. Yadira alikuwa akihema kama mvukuto wa mfua chuma, lakini hakusimama. Mimi nilisimama mara tatu, na mara zote tatu nilisingizia kiatu. Chini yetu mto ulikuwa wa rangi ya udongo, unabingirisha mawe. Ile sauti ya mawe ndiyo siwezi kuiondoa masikioni.

Nélida alikuwa anapukuchua mahindi barazani.

"Mama? Amekwenda kuchunga."

"Ana kondoo wangapi?" Yadira akauliza, nami nikatafsiri.

"Kondoo saba. Wanne alinipa mimi wiki iliyopita, watatu akampa jirani..."  Alijisikia mwenyewe. Gunzi likamtoka mkononi.

Tulimkuta juu ya genge, pale njia ya mifugo inapoukaribia mto. Alikuwa ameketi ukingoni, miguu mitupu. Viatu vyake viliwekwa sambamba, kofia pembeni, juu yake jiwe isichukuliwe na upepo. Alikuwa nadhifu. Hilo liliniogopesha kuliko maji.

Daktari akamshika Nélida mkono abaki nyuma. Yadira akasogea hatua kumi, akakaa chini kwenye matope, si karibu, si mbali. Nikakaa kando yake. Safari hii alikuwa anamtazama Mama Sabina usoni. Hakuwa na karatasi.

"Swali la kumi na nne," akaniambia. "Lilivyo."

Mto ulikuwa unanguruma. Basi ikanibidi nilipigie kelele, mimi niliyeogopa hata kulinong'ona. "DADA SABINA! JE, UNAFIKIRIA KUJIUA?"

Hakuna mbwa aliyekuja. Mama Sabina aligeuza shingo, akanitazama kama mtu anavyomtazama jamaa aliyefika mazishini watu wamekwisha kurudi.

"Ndiyo," akasema. "Tangu viazi vivunwe. Leo nilikuwa nangoja mvua ipungue kidogo nisilowane." Akasikia alichosema. Kitu kama kicheko kikamtoka, kikavunjika katikati. "Kumbe mnalo neno hilo. Nilidhani hospitali yenu haina."

"Ni mila zetu, dada. Halitajwi..."

"Mila za nani? Mimi nimewatajia kondoo, nimeyatajia mawe, nimemtajia Donato kaburini. Nilikuja kwenu nikutajie wewe. Ukaniuliza kama nimechoka."

Yadira akanigusa kiwiko. "Amesema nini? Yote."

Nikamwambia yote. Na hilo la mwisho nikamwambia.

Tulikaa pale, nadhani saa nzima. Yadira aliuliza, mimi nikapeleka na kurudisha, sikuongeza chumvi, sikupunguza maji. Ni usiku au mchana inapokuwa mbaya zaidi? Kuna siku ilipungua? Nani unamwonea huruma ukimwacha? Kwa hilo akasema Nélida hajui kusokota uzi mwembamba, hakuwahi kumfundisha. Mvua ilipungua. Nikaacha kupumua, maana ndiyo aliyokuwa akiingoja. Akanyoosha mkono kuelekea kwangu.

"Nipe kofia yangu, kaka."

Sijawahi kubeba kitu kwa uangalifu kama kofia ile.

Alhamisi, 17 Novemba

Mama Sabina amelazwa, Nélida yuko naye. Daktari Zegarra aliniita ofisini. Rundo lilikuwa mezani.

"Mangapi?"

"Mia mbili na kumi na moja."

"Na sahihi ya nani chini?"

"Yako, Daktari."

"Miaka tisa hakuna mtu mmoja wa Kikechua aliyesema ndiyo, nami sikujiuliza kuna nini. Nikasimama mkutanoni nikawasifu kwa kinga." Akavua miwani. Bila miwani alikuwa mwanamke aliyechoka wa rika langu. "Nilipaswa kukufukuza, Herme. Na pengine watanifukuza mimi. Lakini kwanza tutawatafuta wote. Na utauliza wewe."

Jumatatu, 28 Novemba

Tumewafikia arobaini na mmoja. Sita wamesema ndiyo. Mmoja alilia akanibusu mkono, nikatamani angenipiga.

Jumatatu, 5 Desemba

Wanafunzi hawaniiti tena Mzee Herme. Wananiita Bwana Palomino. Kumbe lile la kwanza lilikuwa la mapenzi.

Ijumaa, 9 Desemba

Tisini na nane. Watano wamekufa. Mmoja uzee, wawili ini, mmoja ajali ya lori ambamo yeye alikuwa abiria tu. Wa tano ni Casimiro, mfinyanzi. Ameandikwa alianguka bwawani Machi. Nimelisoma faili lake mpaka nimelijua kwa moyo. Mjane wake alitupa chai. Nilimwambia nililofanya. Alisema kama aliteleza au alijitupa yeye hajui, na mimi sijui, na hakuna karatasi itakayojua. Akachukua kikombe changu kabla sijamaliza.

Ijumaa, 16 Desemba

Siku ya mwisho ya wanafunzi. Mvua kubwa, bati linapigwa kama ngoma. Yadira alimkagua mzee mmoja wa mlimani, akafika la kumi na nne, akamtazama machoni, nami nikalipiga kelele lote, likasikika hadi barabarani. Mzee akasema hapana. Akasema kwa maneno mengi, nikayarudisha yote, na kweli ilikuwa hapana.

Mama Sabina alikuja mchana na Nélida. Amenenepa kidogo, bado ana siku mbaya, anazihesabu. Aliniuliza, "Pia yangu iko wapi?" Nikamrudishia. Akanitazama nilivyoishika. "Wewe nawe, kaka, nani alikufundisha swali lile la uchovu?"

Nikasema mama yangu. Hakuamini. Basi niandike ilivyokuwa, maana daftari limebaki na ukurasa mmoja, na kwenye kurasa nyingine nimeandika uongo.

Mama hakuwahi kusema habari ya mbwa na kucha. Nilitunga mimi, miaka mingi iliyopita, nikaisema hadi nikaizoea. Na Abilio hakuteleza.

Alirudi kutoka jeshini mwezi wa mvua, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Wiki tatu alikaa akitazama ukuta. Kisha jioni moja akatulia, akanipa saa yake ya mkono, saa ambayo nilikuwa nimeiomba tangu utotoni. Nilijua. Sikuwa na karatasi wala daktari, lakini nilijua kama mtu anavyojua maji yako nyuma ya mlango. Nilikuwa na swali mdomoni, nikaogopa jibu lake, nikatafuta swali dogo zaidi. Asubuhi yake walimkuta bondeni.

"Umechoka?" nilimwuliza jioni ile.

"Nimechoka, mdogo wangu."

"Basi pumzika," nikamwambia, nikaivaa saa, nikaingia ndani kula.